Kidevu cha Bi Miwani

Mtaani walimwita Bi Miwani, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa mazima na hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa muuzaji katika duka dogo la miwani lililobanwa kati ya muuza rangi za nyumba na kinyozi. Mteja akileta namba aliyopimiwa na daktari, yeye huchagua vioo kwenye droo, humpelekea fundi nyuma ya pazia avikate na kuvipachika kwenye fremu, kisha humvisha mwenyewe. Hapo kwenye kuvisha ndipo penye kisa.

Maana miwani haivishwi kwa mbali. Unamsogelea mtu mpaka unajua amekula nini. Unapitisha vikono juu ya masikio, unatazama kama imekaa sawa puani, unaivua, unapasha kikono moto na kukipinda kidogo, unarudi tena. Na mtu huyo, ambaye pengine kwa miaka mingi ameitazama dunia kama yuko nyuma ya dirisha lenye mvuke, ghafla anaona. Anaona nini kwanza? Anaona kidevu cha Bi Miwani, kwa sababu ndicho kilicho mbele ya pua yake.

Na kidevu cha Bi Miwani kilikuwa na ndevu.

Tusizungushe maneno. Wapo watakaosema vinyweleo, wapo watakaosema malaika, lakini mwenyewe alijua ni ndevu, nyeusi, ngumu, zilizoota chini ya kidevu na kupanda taya zote mbili. Zilianza alipokuwa msichana, moja moja, akawa anazing'oa kwa kibano akidhani anazikomesha, kumbe anazipalilia. Alikwenda kwa daktari, daktari akamwambia ni mambo ya homoni, wanawake wengi wanazo, akacheka kidogo ili kumtuliza. Wengi! Wako wapi hao wengi? Bi Miwani alitazama nyuso za watu kutwa nzima, tena kwa umbali wa kiganja, na hakuwaona. Haikumjia kwamba na wao huenda waliamka mapema kama yeye. Alijaribu krimu ya kuondoa nywele, ikamuunguza hadi akakaa nyumbani akisingizia jino. Alijaribu nta, alijaribu uzi. Mwishowe akarudi kwenye wembe, maana wembe hauna maneno mengi.

Akaolewa nazo. Mumewe alikuwa dereva wa gari la mikate, na mtu wa mikate huondoka nyumbani kabla jua halijafikiria kuchomoza. Basi kila asubuhi Bi Miwani alikuwa na nyumba yake, bafu lake, kioo chake na wembe wake. Ananyoa taratibu, anapaka mafuta, anapaka poda, anakwenda kazini uso laini. Kufika alasiri zimeshaanza kuchungulia, lakini alasiri wateja huwa wachache. Akirudi nyumbani hukaa upande ambao taa haifiki vizuri. Kitandani hulala amempa mume mgongo, na mume alikuwa mpole, hakuuliza. Mwaka ukapita hivyo. Kwa kweli hayakuwa maisha mabaya, ila hakuwahi kujisahau hata dakika moja ndani yake.

Kisha akaja mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye nyumba yake ndogo mji mwingine na wateja wake wa miaka. Mtoto wa jicho ndiye aliyemwangusha. Alianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, akaishia kushona mkono wa gauni shingoni. Siku ya harusi ya mwanawe aliona weupe wa shela tu, na ndani ya shela aliambiwa kuna mkwe. Akampenda hivyohivyo, kwa sauti na kwa mikono. Akawasimulia majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke mzuri ajabu. Majirani wakacheka, “Umemwonea wapi?” naye akajibu kwamba uzuri una sauti yake.

Mwanawe akamleta mjini afanyiwe upasuaji. Upasuaji ukaenda salama, macho yote mawili. Bandeji zilipotolewa, daktari alimpima kwa vioo vya hospitali, akaipata namba yake, akasema, “Mama, ukivaa miwani ya namba hii utatunga uzi gizani.” Mama mkwe alirudi nyumbani akiwa kama bibi harusi. Akaketi kitini na kutangaza:

“Mwanangu, hospitali nimeona hadi pengo la daktari! Sasa nangoja miwani yangu. Na kitu cha kwanza nitakachokitazama ni uso wa mkwe wangu. Nimechoka kusifia kitu nisichokijua.”

“Miwani haina tabu, mama,” mwanawe akasema. “Wengine wanahangaika kutafuta duka, wewe duka unalo humu ndani.”

Bi Miwani alicheka pamoja nao. Mkono wake ukaenda wenyewe kidevuni.

Pengine angejikaza. Pengine angeleta miwani, angenyoa mara mbili, maisha yangeendelea. Lakini siku aliyokuja kazini na namba ya mama mkwe mkobani, aliingia dukani mzee mmoja mpiga soga, mtu wa sauti ya kuitia mifugo. Bi Miwani akamvisha. Kwa kawaida alikuwa na ujanja wake: kabla mteja hajafumbua macho sawasawa, humpa kioo cha mkononi ajitazame, maana hakuna mtu anayechoka kujitazama. Siku hiyo kioo kilikuwa kwa mteja mwingine.

“Unaonaje, mzee?”

Mzee akakodoa. “Loo! Naona vizuri sana! Binti, kumbe una ndevu kunishinda mimi!”

Duka zima likacheka. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana kicheko kilikuwa kikubwa. Mwenye duka alicheka pia, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi. Fundi alichungulia nyuma ya pazia kuuliza kuna nini, akasimuliwa. Baadaye mwenye duka akamwita pembeni, akamwambia kwa upole wote wa mtu asiyejua anachokanyaga, “Usijali maneno ya wazee. Ila jitahidi tu, unajua kazi yetu ni ya uso kwa uso.”

Jitahidi! Kana kwamba alikuwa anazifuga.

Alirudi kwenye droo za vioo, macho yakimwuma kwa machozi aliyoyakataza. Alikuwa na namba ya mama mkwe mkononi. Aliivuta droo yake, akaitazama, akairudisha. Akavuta droo ya chini zaidi, yenye vioo hafifu, vyembamba, ambavyo kwa macho yale vingekuwa sawa na kutazama kupitia chandarua. Akavitoa. Alijiambia ni kwa muda tu. Alijiambia mama ametoka kwenye upasuaji juzijuzi, macho hayapaswi kushtuliwa. Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi wakili, na wakili wake wa kwanza ni yeye mwenyewe. Fundi akavikata, akavipachika, akapiga mluzi.

Jioni ile alimvisha mama mkwe sebuleni, mumewe amesimama kando akitabasamu.

“Haya mama. Unaonaje?”

Mama mkwe aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule. Akanyoosha shingo. Tabasamu lake likawa linangoja kitu ambacho hakikuja.

“Naona… naona mlango. Naona mwanangu umesimama. Wewe, mkwe wangu, naona ni mrefu.” Akapepesa. “Lakini usoni bado kuna ukungu. Mbona hospitali niliona vizuri?”

“Vile vya hospitali ni vya majaribio, mama,” Bi Miwani akasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo, jambo lililomtisha yeye mwenyewe. “Vizito, vinaumiza pua. Nimekuchagulia vyepesi. Macho bado mabichi, yatazoea.”

“Mke wangu ndiyo kazi yake,” mume akasema.

“Ah, basi. Kama ndiyo kazi yake,” mama mkwe akasema, akampapasa mkono na kuubusu. “Mungu akubariki, mwanangu. Hata pua yangu umeifikiria.”

Huo ndio ufa wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema kwamba kuna ukuta ambao ukishaujenga unajikuta umesimama ndani yake.

Maana mama mkwe alikuja akae mpaka apone, na sasa hakuwa anapona. Mtu asiyeona vizuri haendi kuishi peke yake mji mwingine. Akabaki. Na kwa kuwa alibaki, na haoni vizuri, alihitaji mkono, na mkono ulikuwa wa Bi Miwani. Kwenda dukani, mkono. Kwenda kikao cha wanawake mtaani, mkono. Kushuka ngazi mbili za mbele ya nyumba, mkono. Bi Miwani akitoka kazini humkuta mlangoni, uso umeinuliwa, miwani ile ya uongo puani, akisikiliza hatua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umechelewa. Njoo ukae hapa karibu, nimekaa na kuta tangu asubuhi.”

Hapa karibu! Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na kitanda cha mama mkwe kiliegemea ukuta wa bafu. Asubuhi zake za peke yake zilikuwa zimekwisha. Mama mkwe aliamka saa ya mikate, kama mwanawe, na macho yaliyozibwa yalikuwa yamempa masikio ya kupitiliza. Bi Miwani akawa ananyoa huku amefungulia bomba, ndoo ikafurika, maji yakaenda bure.

“Mwanangu, wewe unaoga kama samaki,” mama mkwe alisema kupitia ukutani.

“Joto, mama.”

“Joto gani, mimi huku nimejifunika blanketi.”

Alicheka mwenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo lilimwumiza Bi Miwani kuliko kama angekuwa mkali. Mama mkwe mkali unamwogopa, unamsengenya, mnaishi. Huyu alikuwa anamchagulia kipande kizuri cha nyama kwa kupapasa sahani. Alikuwa anamwambia kila anayepita, “Mkwe wangu ndiye macho yangu,” na Bi Miwani, akisikia hivyo, alitamani ardhi ipasuke.

Mara nyingi alikusudia kubadilisha vile vioo. Droo ilikuwa palepale, fundi palepale. Lakini kila siku iliyopita ilifanya ukweli uwe mgumu zaidi kuliko jana. Mwanzoni angeogopa kuonekana ndevu tu. Sasa, mama akiona vizuri, atauliza ilikuwaje hakuona kabla. Ndevu zilimwotea zenyewe. Hili lingine alilifanya kwa mkono wake.

Halafu ikaja siku ya cherehani. Bi Miwani alikuwa akiosha vyombo, mlango uko wazi, akamsikia mama mkwe akimwambia mwanawe apige simu kwa mpwa wake.

“Mwambie aje aichukue ile cherehani. Iko nyumbani inakula vumbi. Yeye ana watoto, itamfaa.”

“Mama, usiwe na haraka. Utapona.”

“Mwanangu, mimi nimeshona miaka, najua nguo iliyokwisha na nguo ya kutiwa kiraka. Haya macho yamekwisha. Mungu kapenda. Piga simu kabla sijaanza kulia.”

Bi Miwani alisimama na sahani mkononi, povu likimdondokea miguuni. Alikuwa na muda wa kusema. Mumewe alitafuta namba, hakuiona, akaitafuta tena, simu ikalia upande wa pili, ikapokelewa, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Muda wote huo neno moja tu lingetosha. Alisuuza ile sahani mpaka ikalia. Mpwa akaja kuichukua cherehani wiki hiyohiyo, na mama mkwe akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuitia mafuta.

Usiku wa simu ile Bi Miwani hakumtazama mtu usoni, na mtu asiyetazamwa naye hamtazami mwenziwe, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Aliyeufunga mlango kabisa ni mumewe, tena kwa mapenzi. “Nimepata ruhusa,” alisema akila. “Wiki ijayo nampeleka mama hospitali. Haiwezekani daktari aseme atatunga uzi gizani halafu asione hata uzi wenyewe. Aangalie hayo macho, na hiyo miwani aitie kwenye mashine yake. Kama ni kupasuliwa tena, apasuliwe.”

“Sitaki kisu tena mimi,” mama mkwe akasema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia.

Bi Miwani alitafuna tonge lilelile kwa muda mrefu. Daktari akiitia miwani kwenye mashine, atasoma. Atauliza nani aliyechagua vioo hivi. Swali halina jibu ila moja. Na asipofanya lolote, mama anaogopa kisu ambacho wala hakihitaji. Alijiona mtu aliyejificha ndani ya kabati, na sasa waliokuwa wakimtafuta wameketi kwenye kabati lenyewe kupumzika.

Kesho yake alivuta droo sahihi. Fundi alivipokea vile vioo, akavipima kwa vidole.

“Hivi vya nani?”

“Vya mama mkwe.”

“Mbona vya kwanza vilikuwa hafifu?”

“Macho yamebadilika,” akasema.

Fundi akainua nyusi, akazishusha, akaendelea na mluzi wake. Hakuwa mtu wa maswali, na Bi Miwani alimshukuru Mungu kwa kumuumba hivyo.

Jumamosi, mume akiwa kazini, alinyoa asubuhi na akanyoa tena mchana. Akapaka poda. Akamketisha mama mkwe karibu na dirisha, maana mwanga ulihitajika, akasimama nyuma yake na si mbele. Alikuwa na uongo wake tayari, umepigwa pasi: macho yamepona, namba imebadilika, hutokea. Akaivua ile miwani ya kwanza, akaiweka mezani, akamvisha ya pili kutoka nyuma, na kabla mama hajageuka akamtia kioo cha mkononi.

“Jitazame, mama.”

Kisha mama mkwe akavuta pumzi.

“Huyu bibi ni nani?”

“Ni wewe, mama.”

“Hapana! Huyu ni mama yangu mzazi!” Akakishika kioo kwa mikono miwili. “Tazama mikunjo. Tazama… mwanangu, naona! Naona nyusi! Naona kope, ziko tatu!” Akacheka, akalia, akafanya yote mawili kwa pamoja. Akatazama mikono yake, akatazama ua kwenye kitambaa cha meza na kulifuata kwa kidole, akasema mshono wake ni wa ovyo. Kisha akarudi kwenye kioo, akakisogeza, akageuza shavu. Sura ikambadilika.

“Hiki nini?”

Bi Miwani alirudi hatua moja nyuma ya kiti.

“Hiki nini hapa kidevuni? We! Ni ndevu! Ndevu nyeupe, ndefu kama za beberu!” Akaishika moja, akaivuta, akapiga ukelele. “Kutwa unanichana, unanipaka mafuta, unanipeleka kikaoni kwa wanawake wenzangu, na unaniona hivi? Hukuniambia! Hivi wale wanawake walikuwa wananitazama nini?”

Hili Bi Miwani hakuwa ameliandalia uongo. Alikuwa ameziona, ndiyo, siku nyingi. Hakusema kwa sababu neno hilo lilikuwa haramu kinywani mwake, angelitamka, lingemgeukia. Alimtazama mama mkwe, mtu mzima mwenye aibu, ameshika kidevu kwa kiganja. Alijiona mwenyewe mbele ya kioo cha bafu. Akatoka nyuma ya kiti, akapiga magoti mbele yake mwangani.

“Sikuweza, mama. Kwa sababu na mimi ninazo.”

Mama mkwe akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akakielekeza dirishani, akakikagua kama anavyokagua pindo. Akapapasa taya. Bi Miwani alifumba macho.

“Hizi?”

“Ndiyo, mama.”

“Hizi tu?” Mama mkwe akaangua kicheko. “Mwanangu, shangazi yangu alikuwa nazo mpaka wajukuu wakawa wanamsalimia shikamoo babu! Akaolewa, akaachika, akaolewa tena, na wanaume wote wawili walikuwa wanagombana kwa ajili yake. Ndiyo maana ya maji yote yale asubuhi? Nilidhani una ugonjwa wa kuoga!”

Bi Miwani naye akacheka. Alicheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mama mkwe. Mama mkwe akamshika uso kwa mikono miwili, akasema ni mzuri, hakukosea kusifia. Hakuwahi kuwa na dakika nyepesi kama hiyo maishani mwake, na ilikuwa dakika moja tu.

Maana mama mkwe, akiwa bado anatabasamu, aliona ile miwani ya kwanza mezani. Akaichukua, akavua mpya, akavaa ya zamani. Akatazama dirishani. Akaivua, akavaa mpya. Akarudia. Tabasamu likawa linapungua kila alipobadilisha.

“Hii bado ina ukungu,” akasema polepole.

“Macho yamepona, mama, namba imebadi—”

“Ngoja. Hospitali niliona vizuri. Halafu ukanivisha hii, nikaona ukungu. Leo naona vizuri kama hospitali. Macho yangu hayajabadilika. Yalikuwa hivi tangu siku ile.” Akaishika ile ya zamani, akapitisha kidole kwenye kioo chake chembamba. “Wewe ndiye uliyechagua.”

Bi Miwani alikuwa bado amepiga magoti.

“Ulikosea?” mama mkwe akauliza. Aliuliza kwa namna ya mtu anayefungulia mlango, na ilikuwa dhahiri alitaka apitie hapo.

Bi Miwani akatikisa kichwa.

“Kwa ajili ya hizi?” Akamgusa kidevu tena, lakini sasa kidole kilikuwa baridi. “Umeninyima macho kwa ajili ya hizi? Nimeugawa mkono wangu wa kulia, ile cherehani, umesimama pale unaosha vyombo unanisikia. Nimekuwa nasali usiku nisipasuliwe tena.”

“Nisamehe, mama. Niliogopa utaniona.”

Mama mkwe alitazama nje, ambako kulikuwa na vitu vingi vya kutazama.

“Ndevu si dhambi,” akasema hatimaye. “Hili nitalisamehe, nadhani, lakini si leo. Na mwanangu atajua. Mimi sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako, akiingia. Ukisema, nitakaa upande wako hata akipandisha hasira vipi. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mama.”

Mume aliingia akinuka mikate. Mama mkwe akasimama mwenyewe, akamwendea bila kushikwa mkono, akamkamata mashavu. “Umenenepa! Na hiki kipara kimeanza lini?” Mume akapiga kelele ya furaha, akamzungusha mama yake sebuleni, akamtazama mkewe kwa macho yaliyolowa. “Umefanyaje? Mke wangu, umefanyaje? Basi hakuna hospitali! Hakuna kisu!”

“Mkeo ana neno la kukwambia,” mama mkwe akasema, akaketi.

Mume akageuka. Bi Miwani alisimama katikati ya sebule, mwanga wa dirisha umempiga uso wote.

“Mimi,” akasema, “mimi nina ndevu. Nanyoa kila siku. Nimekuficha tangu tuoane.”

Mume alimkodolea, kisha akacheka kwa upole, akamshika mabega. “Mama we! Nalala na wewe kitanda kimoja, unadhani mimi gogo? Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nangoja siku utakayoniamini uniambie.” Akamfuta chozi kwa kidole gumba. “Maskini. Ndilo hilo lililokuwa linakutesa muda wote huu? Ndilo hilo tu?”

Mama mkwe alikuwa anamtazama. Bi Miwani aliona, bila kugeuka, vile vioo vinene vimemwelekea. Mbele yake ulikuwa uso wa mumewe. Mume hakuwahi kumtazama namna hii, waziwazi, kwa fahari, kama mtu ambaye mkewe amemrudishia mama yake. Lile neno la pili lilikuwa tayari ulimini. Akilisema, hatatazamwa hivi tena kamwe. Akafungua kinywa.

“Ndilo hilo tu,” akasema.

Mume akamkumbatia.

Mama mkwe akavua miwani. Aliikunja kikono kimoja, kisha cha pili, akaiweka mezani kando ya ile ya zamani.

“Mama, mbona umevua tena? Vaa bwana, tukutazame!”

“Kichwa kimeniuma. Nataka nikalale.”

Akainuka, akanyoosha mkono mbele kama siku zote. Bi Miwani ndiye aliyekuwa karibu, akampa wake. Mama mkwe aliugusa, akaujua, akaupita, akaendelea kupapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe.